Nani Kasema? Ushahidi Katika Kamusi Elezo ya Wikipedia

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Chama cha Kiswahili

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu tunachokitumia karibu kila wiki bila kukiuliza swali hata moja. Mwalimu wa Historia au wa Jiografia akitoa kazi ya kufanyia nyumbani, wengi wetu hukimbilia saiba ya mtaani, ama tunaomba simu ya mama kwa dakika kumi. Tunaandika mada, Wikipedia inajitokeza mbele ya wote, tunanakili, tunafunga daftari, kazi kwisha! Ukiulizwa ulikoitoa habari ile, jibu ni moja tu: "Iko kwa Wikipedia." Jamani, hilo si jibu. Ni sawa na kusema, "Niliskia kwa matatu." Swali la haki ni hili: nani kasema?

Wikipedia ni kitu gani?

Wikipedia ni kamusi elezo ya intaneti. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Wikipedia ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Kati ya 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuwahimiza wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki kuiandikia makala, na tangu hapo imekua hadi kupita makala elfu hamsini.

Tofauti yake na ensaiklopidia za vitabu ni kwamba hapa mwandishi si profesa aliyeajiriwa. Ni mtu yeyote aliyejitolea: mwalimu wa Morogoro, fundi wa Mombasa, hata wewe na mimi. Basi kama mwandishi ni yeyote, kwa nini tumwamini? Hapo ndipo kanuni kuu ya Wikipedia inapoingia. Hatumwamini mwandishi, tunaamini ushahidi wake. Kila jambo linaloweza kutiliwa shaka sharti liwe na chanzo. Ndiyo maana unaona tarakimu ndogo juu ya sentensi, na chini ya ukurasa kuna tanbihi inayosema habari hiyo imetoka kitabu gani, gazeti gani au tovuti gani. Tanbihi ni shahidi. Ukibisha, unamwita shahidi umhoji mwenyewe.

Lakini mashahidi nao wana maradhi yao. Nitaeleza matatu.

Maradhi ya kwanza: shahidi asiyejua

Chanzo dhaifu ni kile kinachosema jambo bila kuonyesha kililijuaje. Mfano hatuutafuti mbali. Uko hapa Kibera, kusini magharibi ya katikati ya jiji.

Kwa miaka mingi magazeti, vitabu na tovuti za wageni ziliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Wengine walisema zaidi ya milioni. Kisha ikafanywa sensa ya Agosti 2009, na matokeo yalipotolewa mwaka 2010, idadi ya wakazi wa Kibera ilikuwa 170,070. Watu walishika vichwa! Watafiti wengine waliofanya hesabu yao kwa njia ya ramani na nyumba walikadiria kati ya 235,000 na 270,000. Hata hiyo iko mbali sana na milioni.

Hebu tufanye hesabu rahisi ya darasani. Katika sensa hiyo ya 2009 Nairobi nzima ilikuwa na watu 3,138,369. Kama Kibera peke yake ilikuwa na milioni moja, basi karibu theluthi moja ya watu wa Nairobi walikuwa wakilala Kibera. Je, Kawangware, Kangemi, Dagoretti, Mathare, Embakasi na Kasarani wote wagawane kilichobaki? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini. Kaunti ndogo ya Kibra ilipata 185,777, Westlands 308,854, na Dagoretti 434,208. Kaunti ndogo yenye watu wengi kuliko zote, yaani Embakasi, ilikuwa na 988,808. Kwa hiyo hata Embakasi yote haikufika milioni.

Sasa milioni ile ilitoka wapi? Habari kama hii huenda hivi. Mtu wa kwanza anakisia. Wa pili anamnukuu wa kwanza na kusahau kusema kwamba ni makisio. Wa tatu anamnukuu wa pili, na kufikia wa kumi neno limekuwa kweli, maana "kila mtu anasema". Kamusi elezo inalichukua kutoka gazetini, kisha mwandishi wa gazeti jipya analichukua kutoka kamusi elezo. Habari inazunguka kama matatu isiyokuwa na stendi. Ukiwahesabu mashahidi utaona ni kumi, kumbe ni mmoja tu, na yeye mwenyewe hakuhesabu mtu.

Mtu atasema: "Ni tarakimu tu, inadhuru nini?" Inadhuru sana. Idadi ya watu ndiyo inayotumika kupanga maji, vyoo, zahanati na madarasa. Isitoshe, inahusu heshima ya watu. Mwenzetu mmoja wa chama anayeishi Laini Saba aliuliza tulipokuwa tukijadili jambo hili: "Sasa mimi ni mmoja kati ya milioni, ama ni mmoja kati ya laki moja na sabini?" Tulicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Mtu ana haki ya kujua mtaa wake umeandikwa vipi, na nani aliyeuandika.

Tusiwe wepesi wa upande wa pili pia. Wapo waliosema kwamba sensa iliwapunguza. Tena mipaka ni jambo la kuangaliwa: mtaa wa mabanda wa Kibera na kaunti ndogo ya Kibra si kitu kimoja. Kazi ya kamusi elezo si kuamua ugomvi. Kazi yake ni kueleza nani kasema nini, mwaka gani, na alihesabu kwa njia gani. "Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070" ni sentensi yenye shahidi. "Kibera ina watu milioni moja" ni sentensi yatima.

Maradhi ya pili: shahidi wa kukodi

Maradhi haya huipata zaidi Wikipedia ya Kiswahili. Makala zake nyingi hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na hilo si kosa. Kosa ni pale mtafsiri anapozinakili tanbihi zote kumi na tano bila kufungua hata moja. Sentensi imetafsiriwa, chanzo hakikusomwa. Kama mwandishi wa Kiingereza alipotoka, tunapotoka pamoja naye, ila sasa kwa Kiswahili fasaha. Kanuni ni rahisi: usimwite shahidi usiyemhoji. Weka tanbihi ya kile ulichosoma kwa macho yako.

Maradhi ya tatu: shahidi aliyehama

Mara nyingine chanzo kilikuwa kizuri kabisa. Unabofya kiungo ili ukisome, unaletewa ukurasa mweupe wenye tarakimu 404 na maneno kwamba ukurasa haukupatikana. Hicho huitwa kiungo kilichokufa. Ni kama kwenda kwa ploti kumtafuta shahidi wako, majirani wakakwambia alihama mwezi uliopita na hakuacha namba.

Jambo hili limeenea ajabu. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti yake. Kati ya kurasa za intaneti zilizokuwako mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Katika Wikipedia ya Kiingereza, asilimia 54 ya kurasa zilizochunguzwa zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichoelekea mahali pasipo kitu.

Viungo vinakufaje? Sababu ni nyingi. Tovuti inahamia anwani mpya: kwa mfano, mwaka 2020 gazeti la Nation lilihama kutoka anwani iliyoishia co.ke likaenda nation.africa. Ofisi nayo hubadilika: mwaka 2013 Baraza la Jiji la Nairobi lilikoma na serikali ya kaunti ikachukua nafasi yake, na wizara pia huunganishwa na kugawanywa baada ya uchaguzi. Jina likibadilika, tovuti hubadilika nalo. Kuna wakati mwenye tovuti hakulipia anwani yake, ikachukuliwa na mwingine. Hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kiungo kinafunguka vizuri, lakini ndani yumo mpangaji mpya, pengine anatangaza kamari!

Dawa yenyewe

Sasa tufike kwenye tiba, maana kulalamika hakufufui kiungo. Ukikuta kiungo kilichokufa, fuata hatua hizi.

Kwanza, usifute kitu. Kiungo kufa si ushahidi kwamba habari ni uongo. Shahidi kuhama hakumfanyi kuwa mwongo. Wengi hufuta sentensi nzima kwa hasira, na kwa kufanya hivyo wanapoteza hata ile anwani ya zamani ambayo ingetusaidia kumtafuta.

Pili, tafuta kama amehamia karibu. Chukua kichwa cha habari kilichoandikwa kwenye tanbihi, kiweke ndani ya alama za kunukuu, kisha ukitafute kwenye intaneti. Mara nyingi utaikuta habari ileile katika anwani mpya ya gazeti lilelile. Badilisha anwani, kazi imekwisha.

Tatu, ukikosa, nenda kwenye ghala la kumbukumbu. Kuna shirika la Marekani liitwalo Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle. Kazi yake ni kupita katika intaneti likipiga nakala za kurasa na kuziweka. Sehemu ya kuzitazama nakala hizo huitwa Wayback Machine, nayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Unaandika anwani iliyokufa, unaletewa kalenda yenye alama katika siku ambazo nakala ilipigwa. Chagua siku iliyo karibu na siku ambayo mwandishi alisoma ukurasa. Ifungue na uisome, usiiamini tu, kwa sababu nakala nyingine ni za ukurasa uleule wa 404. Ukiridhika, weka anwani ya nakala katika tanbihi kando ya anwani ya zamani, pamoja na tarehe.

Mfano mzuri unatoka kwa jirani zetu Tanzania. Ripoti ya sensa yao ya 2002 iliwekwa kwenye tovuti ya serikali, na makala nyingi za kata zikaitegemea. Anwani ile ilikufa. Lakini nakala yake ilikuwa imehifadhiwa, basi idadi ya watu wa kata hizo bado ina shahidi. Angalia jinsi nakala moja inavyoweza kuokoa makala nyingi!

Ipo pia roboti, yaani programu inayofanya kazi yenyewe, iitwayo InternetArchiveBot. Huzunguka katika Wikipedia za lugha mbalimbali ikitafuta viungo vilivyokufa na kuviwekea nakala. Ni msaidizi mzuri, lakini roboti haisomi. Haiwezi kujua kama ukurasa unathibitisha sentensi. Hapo panahitaji mtu.

Nne, ukikosa kote, sema ukweli. Weka alama ya kuonyesha kwamba chanzo kinahitajika, kisha uandike katika ukurasa wa majadiliano ulichotafuta na ulikotafuta. Anayekuja nyuma yako asirudie safari ileile.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Unapoandika makala mpya, usiache anwani tupu peke yake. Andika jina la mwandishi, kichwa cha habari, mchapishaji, tarehe ya kuchapishwa na tarehe uliyosoma. Anwani ikifa, maelezo hayo ndiyo yatakayosaidia kukipata chanzo tena. Vilevile, Wayback Machine ina mahali pa kuomba ukurasa uhifadhiwe papo hapo. Ni kazi ya dakika moja na haimalizi bando.

Karatasi haina 404

Hata ghala hilo la kumbukumbu si la kutegemea kwa macho yaliyofumba. Mnamo Oktoba 2024 Internet Archive ilivamiwa na wahalifu wa mitandao, na kwa siku kadhaa haikupatikana. Ndipo tunakumbuka kwamba chanzo si lazima kiwe kwenye intaneti. Wikipedia hukubali kitabu na gazeti la karatasi bila kiungo chochote, mradi umetaja jina, tarehe na ukurasa.

Na hapa sisi wa Nairobi tumebarikiwa. Ukitoka Kawangware kwa matatu ya nambari 46 unafika mjini ambako kuna hazina ambayo mwenzako wa Lodwar hana. Kwenye Moi Avenue kuna jengo lililokuwa la benki, sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ndani yake kuna nyaraka za serikali tangu enzi za ukoloni, pamoja na mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Ni mara ngapi umemwambia mtu "tukutane Archives"? Ni mara ngapi umeingia ndani?

Mtaa wa Banda kuna Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Miaka ile ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mkusanyo wake wa magazeti unarudi nyuma hadi 1901. Upper Hill kuna makao ya Huduma ya Maktaba za Taifa. Tena kuna Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutoka mwaka 1899, ambalo ndani yake hutangazwa mipaka, majina na vyeo. Ukitaka kuthibitisha mambo rasmi kama hayo, gazeti hilo ni shahidi anayestahili kuitwa kwanza.

Kabla ya kwenda, uliza masharti na saa za kufunguliwa, na umwombe mlezi wa chama akuandikie barua. Nenda na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi. Ukienda kutafuta "historia ya Nairobi" utarudi na vumbi mikononi. Ukienda kutafuta "mwaka fulani jina la barabara fulani lilibadilishwa lini" utarudi na tanbihi.

Kwa nini sisi?

Labda unauliza, "Mimi mtoto wa shule nitabadilisha nini?" Sikiliza. Leo hata programu za akili mnemba, zile unazoziuliza swali zikakujibu kama mtu, zimefunzwa kwa maandishi ya Wikipedia miongoni mwa mengine. Kosa lililoachwa katika makala ya Kiswahili halikai pale. Linasafiri hadi kwenye jibu la mtoto wa darasa la sita huko Tanga au Bukavu, na yeye hataona tanbihi yoyote, ataona jibu tu. Kwa Kiingereza wapo maelfu wa kusahihisha. Kwa Kiswahili wanaofanya kazi hiyo ni wachache mno, na lugha ni yetu.

Ninapendekeza kwa chama chetu jambo dogo. Kila mwanachama achague makala moja tu kuhusu mtaa wake au kitu kilicho karibu naye: Kangemi, Riruta, Uthiru, Westlands, Kibera. Asiandike neno jipya kwanza. Afungue tanbihi moja moja na kuuliza maswali matatu. Je, kiungo kinafunguka? Je, ukurasa unasema kweli kile kinachodaiwa? Je, huyu aliyesema alijuaje? Atakachopata akirekebishe, na kisichorekebishika akiandike katika majadiliano. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tahadhari moja kabla sijaweka kalamu chini. Utakapofika kwenye makala ya mtaa wako utajaribiwa kuandika unayoyajua tu, kwa kuwa wewe ni mwenyeji. Usifanye hivyo. Kuishi Kawangware miaka kumi na sita si chanzo, kwa sababu msomaji aliye Kisumu hawezi kukufungua akakuhakiki. Wenyeji wako una faida nyingine: unajua lipi linanuka uongo, unajua pa kuulizia, na unajua ni mzee gani ana picha au gazeti la zamani sandukuni. Tumia wenyeji huo kumtafuta shahidi. Ukishampata, mwandike vizuri, jina, tarehe na ukurasa, ili hata akihama, apatikane.